Amana ya Picha za Faragha



Zamani, A. C. Gomes na Wagoa wenziwe walipokuwa wakipiga picha Unguja katika karne ya 19, kwa vioo vilivyopakwa dawa na kamera zilizosimama juu ya miguu mitatu, mpiga picha alikuwa na mahali pawili pa kuweka matunda ya kazi yake. Pa kwanza palikuwa ni sanduku, ambamo kioo cha asili kilifungiwa na ufunguo ukatiwa mfukoni. Na pa pili palikuwa ni dirisha la duka, ambapo picha chache zilizozidi nyingine kwa uzuri zilitungikwa ili wapitao njia wajue kuwa ndani yumo fundi. Mwaka 1930, Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio katika mji huo huo, vyombo vilikuwa vimeendelea, lakini mpango ulikuwa ule ule: la sandukuni lilikuwa la sandukuni, la dirishani likawa la dirishani, na kati ya mahali hapo pawili palikuwa na hatua kadhaa za miguu ambazo mtu hakuzipiga kwa kughafilika. Zama zetu zimeziondoa hatua hizo. Picha ya bibi harusi iliyowekwa katika albamu ya mtandaoni kwa ajili ya mtu mmoja, na picha iliyowekwa mtandaoni kwa ajili ya walimwengu wote, hulala katika seva moja, hupita katika simu moja, na kinachoitenga hii na ile ni alama ndogo ambayo kidole cha mwenye usingizi huweza kuigusa. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya namna ya kuzirudisha hatua zile.

Picha ninazozikusudia ni zile ambazo mwenyewe amepigwa kwa radhi yake, akazilipia kwa fedha yake, wala hakutaka zionwe ila na mtu mmoja au wachache awajuao kwa majina. Huko Ulaya na Marekani zikitajwa picha za namna hii, watu hufikiri mwanamke aliyepunguza nguo chumbani mwake, na wapo wapiga picha wa huko ambao hawana kazi nyingine ila hiyo. Kwetu mwambao jambo lenyewe ni pana zaidi. Yumo bibi harusi aliyekwisha kusingwa, hina ingali inanukia miguuni, nywele zimeachwa wazi na asumini zimetungwa, naye ataka picha moja ya kumpa mumewe na nyingine ya kumpa mamake. Yumo mja mzito wa miezi minane aliyefunua tumbo. Yumo mwanamke aliyeondolewa titi kwa ajili ya saratani, akataka kumbukumbu ya mwili uliomvusha. Na yumo mzazi wa juzi ananyonyesha mwanawe, ambaye wala hakudhani kuwa picha yake ni ya siri mpaka alipoona shemeji yake ameiweka katika statasi.

Angalieni yule wa kwanza. Kwa mwanamke wa Lamu au wa Mombasa avaaye buibui, nywele zilizo wazi na mabega yasiyofunikwa ni sitara yake, na mtu wa kando akiziona huumia kwa kadiri ile ile ambayo mwanamke wa nchi nyingine angeumia kwa kuonwa bila nguo. Ndiyo sababu katika shughuli za kupamba, wanawake wanapokuwa peke yao na mabuibui yamewekwa kando, wenye shughuli hukataza simu, na pengine huwaweka mashoga zao mlangoni wazipokee kabla mgeni hajaketi. Hakuna bunge lililowatungia kanuni hiyo; wamejitungia wenyewe kwa kujua lini na wapi haya yao huweza kuvunjwa. Walakini mashine za makampuni makubwa hazikualikwa katika kupamba. Programu iliyofunzwa kutambua uchi ikimtazama bibi harusi yule huona gauni, maua na nywele, ikampitisha bila neno. Tangu Desemba 2021 iko huduma iitwayo StopNCII, ambayo mtu aliyetishwa au kuaibishwa kwa picha zake za siri huweza kuitumia: simu yake mwenyewe huitoa picha alama ya tarakimu, alama hiyo peke yake ndiyo hupelekwa kwa makampuni yaliyoshiriki, na picha yenyewe haitoki mkononi mwake. Ni akili nzuri sana, nami nataka kila mpiga picha ajue kumwelekeza huko mteja aliyefikwa na balaa. Lakini huduma ile imekusudiwa picha za uchi na za tendo la ndoa. Bibi harusi aliyeonekana nywele hamo katika hesabu yake.

Basi mpiga picha hawezi kuazima kipimo cha faragha kutoka kwa mashine, na hata kutoka kwa sheria hawezi kukiazima chote. Hana budi amwulize mwenyewe, kabla taa haijawashwa, picha hizi ni za nani. Naye akijibu ni za mume peke yake, iandikwe hivyo hivyo, wala dada wa bibi harusi, hata akiwa ndiye aliyelipa arubuni, asipewe nywila. Nimesikia watu wenye heshima zao wakisema kwamba asiyetaka kuonekana asipigwe picha. Hiyo ni hoja ya mvivu. Mwenye kuandika barua ya mapenzi hakujitolea asomwe na tarishi.

Sasa nishuke katika ufundi, ambako ndiko kwenye maradhi mengi. Wengi wetu hukodi albamu katika huduma kama Pixieset, Pic-Time au ShootProof, ambazo humruhusu mpiga picha kuweka nywila, kufungua au kufunga upakuaji, na kutia tarehe ya albamu kufungwa yenyewe. Wengine, kwa kuona kodi hiyo thakili, huzitupa picha katika Google Drive na kuchagua ile njia ambayo kila mwenye kiungo huingia. Ni kweli kwamba kiungo kile kina herufi na tarakimu nyingi hata mtu hawezi kukibahatisha. Lakini ni ufunguo uliofichwa chini ya mkeka wa mlangoni, kwa maana anayeuokota haulizwi yeye ni nani. Kiungo hutumwa kwa WhatsApp, mpokeaji akampelekea mwingine kwa nia njema, kikabaki katika historia ya simu ambayo mwakani itauzwa kwa fundi. Albamu ya picha za faragha sharti imtambue mtu: kila aliyeruhusiwa aingie kwa anwani yake na namba ya siri inayomfikia yeye, ili siku ya swali pawe na jibu.

Jambo la pili ni dogo, na madhara yake makubwa. Kiungo kikibandikwa katika WhatsApp, mara nyingi huja pamoja na jina la albamu na picha ya jalada, hata kabla hakijafunguliwa na mtu. Mpiga picha ametia nywila ngumu, amefunga upakuaji, akalala mustarehe. Ilhali picha ya jalada, aliyoichagua kwa kuwa ndiyo nzuri kuliko zote, imekwisha kuonekana katika kikundi cha jamaa chenye watu mia, na juu yake jina kamili la bibi harusi. Jalada la albamu ya namna hii liwe ni kikuba, au mkono wenye hina, au lisiwepo kabisa. Na jina la albamu liwe ni namba. Jina la mteja lisitiwe hata katika jina la faili, kwa kuwa faili ikipotea hutembea na jina lake.

La tatu mlijaribu wenyewe leo jioni. Fungueni albamu moja kwa nywila, chukueni anwani ya picha moja peke yake, kisha ifungueni katika simu nyingine isiyoingia katika albamu ile. Ikikataa, vema. Ikija, basi nywila yenu inalinda ukurasa, hailindi picha, na picha huenda ikapatikana kwa anwani ile hata baada ya albamu kufungwa. Wapo waliolipa kodi ya miaka bila kuijua habari hiyo ya huduma yao.

Siwapi tumaini la uongo: hapana kufuli inayomzuia aliyeruhusiwa kuona asiipige picha skrini yake. Zile hila za kuzuia mtu asibonyeze na kuhifadhi ni pazia tu. Lifaalo kidogo ni kutia jina la mpokeaji kwa maandishi mepesi katika nakala anayoonyeshwa, kila mtu kwa jina lake, kwa kuwa mtu hufikiri mara mbili kabla ya kusambaza kitu kilichopigwa muhuri wa jina lake. Wala msidhani kuwa mwizi lazima awe ni mjuzi wa ajabu. Mnamo mwisho wa Agosti 2014, zilipomwagwa mtandaoni picha za faragha za wanawake mashuhuri wa Marekani, watu walidhani seva za Apple zimebomolewa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba walaghai waliwaandikia wanawake hao barua pepe za hila, wakijifanya ndio kampuni, na wenyewe wakatoa nywila zao kwa mikono yao. Mmoja wa waliohukumiwa alifungwa miezi 18 mwaka 2016. Hila ile ile huweza kumfika mpiga picha wa Malindi, na albamu mia zikafunguka kwa barua moja. Kwa hiyo kuingia katika huduma yenu kuwe na hatua ya pili baada ya nywila, na hatua hiyo isiwe katika simu ambayo watoto huichezea.

Nimekawia katika kufuli, kumbe uvujaji ninaouogopa zaidi hauhitaji kuvunja kufuli yoyote. Mteja wa mwambao huuliza swali moja kabla ya mengine yote: mpiga picha ni mwanamke? Naye hujibiwa kuwa ndiye, na jibu ni la kweli. Hataambiwa, kwa kuwa hakuuliza, kwamba picha zikitoka katika kamera ya mwanamke yule hutumwa usiku kwa kijana mwanamume katika mji mwingine, mwenye ujuzi wa kulainisha ngozi na kuondoa makunyanzi, anayelipwa kwa idadi. Kwamba kijana huyo anazo katika kompyuta anayoitumia pamoja na nduguye. Na kwamba zikirudi hupelekwa kwa flashi katika maabara ya kuchapisha, ambako hufunguliwa kaunta mbele ya wateja wengine ili zikaguliwe rangi. Macho sita yamekwisha kupita kabla ya macho ya mume. Hapa pana hiana, ijapokuwa hapana mtu mmoja aliyekusudia kuifanya. Mwenye insafu ataitaja silisila yote ya mikono kwa mteja siku ya makubaliano: nani atapiga, nani atasafisha, nani atachapisha, na mteja akikataa mmoja wao, kazi hiyo aifanye mpiga picha mwenyewe kwa bei inayostahiki. Iko bei hiyo, na wateja huilipa. Wanawake ambao wamejifunza kuhariri na kununua mashine yao ya kuchapisha, ili picha isitoke nje ya chumba chao, wamepata soko ambalo mabwana hawawezi kulinyang'anya.

Sheria nazo zimeanza kuyafikia haya. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 31, imetaja haki ya mtu kwamba habari za jamaa yake na mambo yake ya faragha zisifichuliwe bila haja. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 imeweka faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili, kwa anayesambaza picha ya siri ya mtu mwingine. Nayo imetaja wazi hata kule kuiweka mahali inapoweza kupakuliwa. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hiyo yatuhusu sana, maana kwa mujibu wake mpiga picha ni mdhibiti wa data, na kijana wa kulainisha ngozi ni mchakataji wake, ambaye hapana ruhusa ya kumpa kazi bila mkataba wa maandishi. Picha zikivuja mikononi mwake, anatakiwa amwarifu mpiga picha pasi na kukawia, ikiwezekana ndani ya saa 48. Na mpiga picha naye amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Ni wangapi katika chumba hiki wana mkataba huo? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Oman ina yake ya 2022. Na aliye na wateja Hamburg au Rotterdam, kama wengi wenu mlivyo siku za harusi za Agosti, akumbuke kuwa kanuni za Ulaya zilizoanza kutumika 2018 zaweza kumfuata mpaka kwake akijitangaza huko.

Wanaodhani sheria hizi ni karatasi tu wakumbuke Septemba 2023, Kamishna wa Kenya alipoitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao, na mahali pamoja pa starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mgeni asiyeridhia. Hizo hazikuwa picha za chumbani. Zilikuwa picha za mchana kweupe.

Katika jambo la idhini, tabia yetu moja nailaumu waziwazi. Ni kule kuitia ruhusa ya kutangaza ndani ya mkataba wa malipo, kwa herufi ndogo, katika sharti la kumi na tatu, hata bibi harusi mwenye haraka akaitia saini bila kujua kuwa amelitoa dirisha lake. Fauka ya hayo, wapo wanaopunguza bei kwa anayekubali kutangazwa, na hao hununua haya ya maskini kwa bei rahisi kuliko ya tajiri. Ruhusa ya dirishani iandikwe katika karatasi yake peke yake, iombwe baada ya mteja kuziona picha, itaje picha kwa namba, itaje na mahali zitakapowekwa. Na akiirudisha nyuma baada ya mwaka mmoja, kwa kuwa ameolewa katika nyumba ya watu wakali au kwa kuwa ameghairi tu, aheshimiwe siku hiyo hiyo bila kuulizwa sababu. Ghururi ya fundi anayetaka kazi yake ionekane ni ya kibinadamu, nami ninayo. Lakini mikono yenye hina na kivuli cha mtu dirishani humwonyesha fundi kama uso unavyomwonyesha.

Limebaki suala la muda, ambalo naliona ndilo kiini cha amana yenyewe. Mabingwa wa hifadhi hutufunza kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ya kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine ili moto au mwizi asizimalize zote. Kanuni hiyo ni njema kwa picha za harusi za watu wote na za mandhari ya Kilimanjaro. Kwa picha za faragha ina upande wa pili ambao haufunzwi: kila nakala uliyoiweka ili usipoteze ni nakala utakayotakiwa kuifuta, na mpiga picha asiyekumbuka ameziweka wapi nakala zake hawezi kumwambia mteja kwa kiapo kuwa zimekwisha. Kwa hiyo nashauri idadi iwe ile ile ya tatu, ziandikwe katika daftari siku zinapozaliwa, diski zote ziwe zimesimbwa, na tarehe ya kufa kwao iandikwe pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Albamu ya mtandaoni ifungwe baada ya siku 30, muhula unaomtosha mtu kupakua na kuchagua za kuchapisha. Nakala za diski zikae mpaka mteja athibitishe kuwa zake zimesalimika, kisha zifutwe, na mteja aandikiwe kuwa zimefutwa. Atakayetaka ahifadhiwe zaidi aombe mwenyewe kwa maandishi na alipe, maana dhamana ni kazi.

Wala kufuta si kule kubonyeza tu. Faili iliyofutwa katika kadi ya kamera aghalabu imeondolewa jina katika orodha, na mwili wake bado upo mpaka uandikwe juu yake kitu kingine. Kijana mwenye programu ya bure huweza kuifufua. Kadi zilizotumiwa kwa picha za faragha zisiazimwe, wala zisiuzwe pamoja na kamera. Diski iliyosimbwa ina fadhila hii, kwamba ukiuharibu ufunguo wake, kilichobaki ndani ni takataka zisizosomeka.

Na mauti je, na talaka? Mume aliyepewa nywila akiwa mume, kesho akawa mtalaka, hana haki ya kuendelea kuingia kwa sababu tu hakuna aliyembadilishia kufuli. Na mteja akikuandikia kuwa mambo yamebadilika, usimwulize kesi yao, funga. Mteja akifariki, warithi watakuja na huzuni yao na kuomba kila kitu, nawe utaona ugumu wa kuwanyima. Walakini picha alizozikusudia kwa mume peke yake hazikuwa katika mirathi ya kaka zake, na swali hili lingeulizwa mapema kwa mstari mmoja katika makubaliano, hapangekuwa na mvutano msibani. Akifa mpiga picha, jambo ni zito zaidi, maana kompyuta yake itafunguliwa na mwana au mpwa atafutaye hesabu za madeni. Mwanamke mpiga picha aliye na amana za wanawake wenziwe amteue mwanamke mwenye kufahamu kazi, amwandikie huduma anazozitumia, mahali diski zilipo, na namna ya kuzifungua. Amwagize awakabidhi wateja ambao muda wao haujaisha, na wengine awafutie. Kisha awaambie warithi wake angali hai kwamba kompyuta ya kazi haifunguliwi mpaka huyo aje. Haya yanahitaji karatasi moja na mashahidi wawili.

Nimezungumza sana juu ya watu wa maabara za kuchapisha bila kuwapa nafasi ya kujitetea, nao nawaona wamekaa safu ya nyuma. Maswali na yaanze kwao.